Nani Alilitunga Neno Tulilolibeba?

Haya ni maneno niliyoyasema Tabora mjini mbele ya wanafunzi, walimu, waandishi wa redio na wazee, tulipomaliza kutazama filamu ya maisha ya Lee Atwater, mpanga mikakati ya kampeni wa Marekani. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, nikipunguza marudio.

Wazee wangu, walimu wenzangu, ndugu waandishi, na ninyi wanangu mliojaa mpaka mlangoni: Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni kwa kukaa mpaka mwisho, maana filamu ni ndefu na joto la leo mnalijua.

Mmemaliza kumtazama mtu ambaye wengi wenu hamkuwahi kulisikia jina lake. Aliyeingia Ikulu ya Marekani kwa msaada wake mnamfahamu: George Bush, yule baba, aliyeapishwa Januari 1989. Aliyeshindwa, Michael Dukakis, baadhi ya wazee hapa mnamkumbuka kutoka kwenye redio za masafa mafupi. Lakini aliyepanga hatua, akachagua maneno, akaamua wapiga kura waogope nini na wamchekee nani, huyo hakuwa na bango wala kura. Hakuna jimbo lililowahi kumchagua. Alizaliwa mwaka 1951, akakulia South Carolina, akafa Machi 1991 kwa uvimbe wa ubongo akiwa na miaka 40. Katika umri huo mdogo alikuwa amebadilisha namna watu wa nchi kubwa wanavyogombana kwenye uchaguzi.

Filamu yenyewe inaitwa Boogie Man, ilitengenezwa na Stefan Forbes, ikatoka mwaka 2008. Niliomba ionyeshwe hapa Tabora kwa sababu moja. Watu wakisikia habari za hawa wanaokaa nyuma ya wagombea huwaona kama wachawi, watu wenye akili za ajabu ambazo raia wa kawaida hawezi kushindana nazo. Mimi nimefundisha historia na uraia maisha yangu yote ya kazi, na siamini hivyo. Mtu wa aina ya Atwater hana mkono wala mguu bila sisi. Yeye hutunga neno tu. Anayelitembeza nyumba kwa nyumba ni mimi na wewe.

Nianze na Tom Turnipseed, kwa sababu yeye ndiye aliyeniuma kuliko wote waliomo katika filamu. Mwaka 1980 aligombea kiti cha Bunge la Marekani kutoka South Carolina. Atwater alikuwa akimfanyia kazi mpinzani wake, Floyd Spence. Wazungu wa vitongojini wakaanza kupigiwa simu na watu waliojitambulisha kuwa ni watafiti wa maoni. Katikati ya maswali lilipenyezwa jambo: kwamba Turnipseed ni mwanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Mpigaji alitaka habari ikae kichwani mwa yule mwenye nyumba, basi. Majibu hayakuwa na kazi kwake.

Halafu likaja la pili. Turnipseed alipokuwa kijana wa miaka 16 aliugua sonona, akatibiwa hospitali kwa mshtuko wa umeme. Habari hiyo ikafikishwa kwa waandishi. Na Atwater alipotakiwa ajibu hoja za Turnipseed, akasema hatamjibu mtu aliyewahi kuunganishwa na nyaya za kuwashia gari.

Watu wakacheka. Huku kwetu wangesema jamaa katoka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na kijiwe kizima kingeanguka kwa kicheko. Sasa nawauliza, wanangu: mtu anakijibuje kicheko? Hoja ya kodi utaijibu, ya barabara utaijibu, hata tuhuma ya wizi utaleta hesabu zako mezani. Kicheko hakina mlango wa kuingilia. Ukinyamaza umekubali, ukisema umejitangaza. Na katika ukumbi huu wamo watu wenye mgonjwa wa aina hiyo nyumbani, mtoto au mama, wanaomlisha na kumwombea. Kila kicheko kama kile kinawaambia wamfiche zaidi. Turnipseed alishindwa uchaguzi, lakini hasara haikuwa yake peke yake.

Tuje mwaka 1988. Julai ya mwaka ule kura za maoni zilimwonyesha Dukakis, gavana wa Massachusetts, akimzidi Bush kwa asilimia 17 hivi. Mwisho wa mwezi Mei, mjini Paramus, New Jersey, watu wa Bush walikuwa wamekusanya wapiga kura wachache chumbani, watu wa chama cha Democratic, chama cha Dukakis, waliowahi kumchagua Reagan, rais wa wakati ule, na sasa wakielekea kwa Dukakis. Wakaelezwa mambo machache kuhusu gavana huyo. Karibu nusu yao wakabadili nia palepale. Atwater na wenzake walikuwa wakitazama, na hapo wakajua silaha wanayo.

Mojawapo ya mambo hayo lilikuwa mpango wa Massachusetts wa kuwaruhusu wafungwa kwenda nyumbani mwisho wa wiki na kurudi. Mfungwa mmoja, William Horton, aliyekuwa na kifungo cha maisha kwa kosa la kuua, aliruhusiwa mwaka 1986 hakurudi. Mwaka uliofuata, katika jimbo la Maryland, alivamia nyumba, akamjeruhi mwanamume kwa kisu na kumbaka mchumba wake. Unyama huo ulitokea kweli, na watu wale wawili waliumia kweli. Sitaki mtu yeyote atoke hapa akidhani ninaupunguza.

Ila tazameni kazi iliyofanywa juu yake. Kundi lililojiita huru, lisilo chini ya kampeni, likarusha tangazo la televisheni lenye picha ya Horton, mwanamume mweusi, uso umekazwa. Kampeni yenyewe ikarusha tangazo lake la wafungwa wanaoingia na kutoka kwenye lango linalozunguka. Hata jina la Willie, ambalo dunia nzima inamjua nalo, hakuwahi kulitumia; alibandikwa na waliomtengenezea sura hiyo. Mpango wa likizo za wafungwa ulianzishwa mwaka 1972 na gavana wa chama cha Republican, chama cha Bush mwenyewe. California, Reagan alipokuwa gavana wake, nayo iliwahi kuwapa wafungwa ruhusa za aina hiyo. Hayo hayakuwamo kwenye tangazo. Atwater alijigamba kwamba watakapomaliza, watu watadhani Willie Horton ndiye mgombea mwenza wa Dukakis. Novemba ikafika, Bush akashinda majimbo 40 kati ya 50.

Ninyi ni watu wa Tabora, asali mnaijua. Mlaghai hauzi maji ya sukari peke yake, kwa kuwa mtoto mdogo angemkamata. Huchukua asali ya kweli kutoka kwenye mzinga wa kweli, akaichanganya. Ukimwambia hii si asali, anakuonjesha, na asali unaiona ulimini. Ndivyo fitina kubwa inavyotengenezwa: tukio ni la kweli, maumivu ni ya kweli, kisha linamiminiwa kitu ambacho wewe hukukiomba, yaani hofu ya watu weusi wote, na jina la mgombea ambaye hakumgusa mtu yeyote. Ndiyo maana kusema tu kwamba ni uongo hakusaidii. Si uongo wote. Inabidi uwe na subira ya kutenganisha, na wakati wa kampeni subira ni adimu.

Dukakis hakuwa na subira hiyo, au tuseme alikuwa nayo ya aina nyingine. Alinyamaza karibu majira yote ya joto, akiamini watu watapima sera. Baadaye amesema mara nyingi kwamba kutojibu mashambulizi yale lilikuwa kosa lake mwenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu mila zetu zinatufundisha kinyume chake. Mtu mzima akichafuliwa anaambiwa, achana nao, mwachie Mungu. Katika ugomvi wa majirani ushauri huo ni mwema. Katika uchaguzi, anayenyamaza anawanyima wapiga kura ukweli waliokuwa na haki nao. Mheshimiwa mgombea, kama upo hapa, au kama mpambe wako yupo: neno likizuka asubuhi, lijibiwe kabla ya magharibi, hadharani, kwa ushahidi.

Kuna jambo katika maisha ya Atwater ambalo naliona ni zito kuliko ushindi wake. Alikuwa mpiga gitaa wa bluzi, hodari hasa. Alirekodi albamu pamoja na B.B. King, gwiji mweusi wa muziki huo. Aliupenda muziki wa watu weusi kwa moyo, na hakuna katika filamu anayelikana hilo. Kisha akaenda ofisini na kujenga ushindi juu ya hofu ya uso wa mtu mweusi. Mwaka 1989 aliteuliwa kuwa mjumbe wa bodi ya Chuo Kikuu cha Howard, kule Washington, chuo kilichosomesha watu weusi tangu karne ya 19. Wanafunzi wakakataa. Wakalikalia jengo la utawala mpaka akajiuzulu. Wanafunzi mliopo hapa, wale walikuwa na umri wenu. Walikuwa wameshatambua ni nani aliyekaa nyuma ya maneno yale, wakamwita kwa jina lake.

Na yeye mwenyewe alijua anachofanya. Mwaka 1981, akizungumza na mtafiti wa siasa Alexander Lamis, alieleza jinsi lugha inavyobadilishwa. Zamani, alisema, mwanasiasa wa kusini angeweza kutamka tusi la kibaguzi waziwazi. Ilipofika mwaka 1968 tusi hilo likawa linamrudia msemaji, basi yakachukuliwa maneno mengine, kama haki za majimbo, yaani kila jimbo liachiwe kujiamulia mambo yake, ubaguzi ukiwamo. Baadaye ikazungumzwa kodi, mambo ya uchumi tupu, na watu weusi wakaumia zaidi kuliko weupe bila rangi kutajwa. Sauti ya mazungumzo hayo ilitolewa hadharani mwaka 2012. Isikilizeni. Hakuna mwanafalsafa aliyewahi kueleza jambo hilo wazi kuliko fundi mwenyewe.

Sasa msione hayo ni ya Wamarekani. Sisi tuna maneno yetu yaliyovaa nguo safi. Mtu haambiwi tena kabila lake jukwaani, anaambiwa ni wa kuja. Anaulizwa, kwa upole kabisa, asili yake ni wapi hasa. Ndugu zetu wa Kigoma, ambao treni inawaleta hapa kila wiki, wanayajua maswali haya tangu utotoni. Mtu wa Kasulu au Kibondo akianza kupata wafuasi, utasikia mtu ananong'ona kwamba bibi yake alivuka kutoka Burundi. Hakuna anayeandika hilo kwenye bango. Linapita mnadani, kwenye vijiwe vya kahawa, siku hizi linapita kwenye makundi ya WhatsApp usiku, sauti tu ya mtu asiyejitambulisha.

Nitataja moja la wazi, kwa kuwa ni historia na wahusika ni watu wa umma. Mwaka 2005 CCM ilikuwa inatafuta mgombea wa urais. Dk. Salim Ahmed Salim alijitokeza: aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 1984, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1989 hadi 2001. Mtu huyo alisakamwa kwa kuitwa Hizbu, yaani mfuasi wa chama kilichopinduliwa Zanzibar mwaka 1964, akapimwa kwa asili ya damu yake, miaka 40 na zaidi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kule Dodoma, Jakaya Kikwete alishinda, Salim akawa wa pili, Profesa Mark Mwandosya wa tatu. Sisemi Salim angeshinda bila maneno yale, Kikwete alikuwa na nguvu zake na watu wake. Wala sisemi fulani ndiye aliyeyatunga. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo: maneno mazito vile yalizunguka nchi nzima, yakamjeruhi mtu aliyeitumikia Afrika, na hayana mwenyewe. Hakuna aliyesimama akasema, mimi nimesema, na ushahidi wangu huu hapa.

Tuna methali tunayoipenda mno: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeisikia ikitumiwa barazani, sokoni, hata na walimu wenzangu chumba cha walimu. Wazee walioitunga walikuwa wanaishi kijijini, ambako anayesema anajulikana, baba yake anajulikana, na akisema uongo atakutana na aliyemsingizia kisimani. Katika hali hiyo methali ilikuwa na akili. Leo lisemwalo linaweza kuwa limeandikwa chumbani na mtu anayelipwa, asiyekuja kisimani kwenu maisha yake yote. Wapanga fitina hawahitaji silaha nyingine wakituona tunaitikia methali hii. Kila mara mtu anapoisema baada ya uvumi, anakuwa ameugonga muhuri.

Naogopa msije mkadhani ninachukia mikakati. Hapana. Na hapa Tabora ndipo mahali pa kulieleza hili, pengine kuliko mji mwingine wowote wa nchi hii.

Januari 1958 wajumbe wa TANU kutoka kila upande wa Tanganyika walikutana katika mji huu. Wakoloni walikuwa wameleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alazimike kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, asipofanya hivyo kura yake iharibike. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura, kulikuwa na masharti ya elimu, kipato au cheo. Lilikuwa jambo la kudhalilisha, katika nchi ambayo Wazungu na Waasia walikuwa wachache sana. Wajumbe wengi walikuja Tabora wakiwa wamekasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Walitaka chama kisusie. Nyerere aliona kwamba wakisusia, viti vitachukuliwa na UTP, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa kuungwa mkono na Gavana Twining.

Mkakati ulikuwapo. Wanaoijua historia ile wanasimulia kwamba kabla ya mkutano Nyerere alipitia Tanga na kushauriana na viongozi wa TANU wa huko faragha. Kupanga ni sehemu ya siasa, hata Mtume alipanga Hijra yake. Lakini angalieni kilichotokea walipoingia ukumbini. Waliopinga walikuwa mbele yake. Alisimama kwa jina lake, akaeleza, akaulizwa, akapingwa na baadhi yao, akajibu. Kisha wakapiga kura, na uamuzi wa kuingia uchaguzi ukapita. Ndio tunaouita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akaondoka akaunda chama chake cha ANC, naye kwa jina lake na sera yake wazi. Hakuna aliyemtafutia ugonjwa wa utotoni. Miaka minne baadaye, mwaka 1962, alishindana na Nyerere kwenye uchaguzi wa rais na wananchi wakampa chini ya asilimia 2 ya kura. Alishindwa kwa kura, heshima yake ikabaki.

Na katika uchaguzi ule wa kura tatu, mwaka 1958 na 1959, TANU iliwaunga mkono Wazungu na Waasia walioamini uhuru wa Tanganyika: Derek Bryceson, Lady Chesham, Amir Jamal, Sophia Mustafa. Mfumo uliotengenezwa ili watu watengane kwa rangi, ukageuzwa kuwa ushindi wa watu waliokataa kutengana kwa rangi. Huo ni mkakati wenye akili kushinda wa Atwater. Yeye alichukua nchi iliyoanza kupona akaitonesha kidonda. Wale wa Tabora walichukua kidonda wakakitibu. Kijana wa Tabora Boys, shule aliyosoma Nyerere mwenyewe kuanzia 1937, anayetembea chini ya miembe yetu, asiambiwe na mtu yeyote kwamba siasa ni lazima iwe ya majitaka. Ushahidi wa kinyume uko mtaani kwake.

Kazi hii ya wanaume wa nyuma ya pazia haina mipaka. Kampuni ambayo Atwater alikuwa mshirika wake katika miaka ya 1980, ya kina Black, Manafort na Stone, ilichukua pesa za Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa Angola, na za Mobutu Sese Seko, dikteta wa Zaire, Kongo ya leo, ili kuwasafisha mbele ya wakubwa wa Washington. Mobutu! Watu wa Kigoma hawahitaji kufundishwa Mobutu aliacha nini ng'ambo ya ziwa. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vilivyozuka nchi yake ilipokuwa inabomoka. Mtoto aliyezaliwa pale sasa ana watoto wake. Na mtu aliyelipwa kuandika kwamba Mobutu ni rafiki mwema labda hakuwahi hata kuiona Tanganyika kwenye ramani.

Kenya, jirani zetu, wameonja pia. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha picha zilizochukuliwa kwa kamera ya siri, wakubwa wa Cambridge Analytica, kampuni ya kuchambua taarifa za wapiga kura, wakijigamba kwamba katika chaguzi za 2013 na 2017 walikibadilisha chama cha Uhuru Kenyatta sura mara mbili, wakaandika ilani, wakafanya utafiti wa maelfu ya watu. Chama cha Jubilee kilikiri kuiajiri kampuni mama, SCL, kikisema ni kwa kazi ya kukinadi chama tu. Mwaka huohuo wa 2017 Wakenya walionyeshwa mtandaoni video ya kutisha, nchi inaungua, watu wanakufa njaa, eti ndivyo itakavyokuwa Raila Odinga akishinda. Ilikuja kufahamika kwamba tovuti ile ilitengenezwa na kampuni ya Texas, Harris Media. Texas! Mtu wa Kisumu na mtu wa Nyeri wakaogopana kwa video iliyotengenezwa na wageni watakaolala salama matokeo yoyote yakitoka. Nikifikiria yaliyotokea Kenya mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008, ninaona kutia hofu ya namna hiyo kwa malipo ni ukatili.

Kuhusu toba ya Atwater, nimeona wengi mlitoa machozi, na sitawakataza. Machi 1990 alianguka akiwa kwenye shughuli ya kuchangisha fedha, ikagundulika ana uvimbe kichwani. Katika miezi ya mwisho aliwaandikia aliowaumiza. Turnipseed alipata barua. Katika jarida la Life, Februari 1991, alimwomba radhi Dukakis kwa ukatili wa maneno yake. Mnakumbuka pia anachosimulia Ed Rollins, mpanga kampeni mwenzake, katika filamu: kwamba aliambiwa na Mary Matalin, aliyekuwa msaidizi wa Atwater, kuwa Biblia ambayo Atwater alisema inampa imani ilikutwa, baada ya kifo chake, bado imo ndani ya nailoni yake. Watu hulitumia simulizi hilo kumhukumu. Mimi siwezi. Moyo wa mtu anayekufa ni kati yake na Mola wake, na mgonjwa wa kichwa anaweza kumwamini Mungu bila kuweza kusoma ukurasa mmoja.

Ila kama mwalimu wa uraia nina la kusema. Dini zetu zote mbili zinafundisha kwamba aliyemsingizia mtu hadharani anatakiwa amsafishe hadharani, na amrudishie alichomnyang'anya. Kura za 1988 hazirudi. Kura zilizopigwa kwa hofu zilitoa rais, rais akateua majaji, na vyama vyote viwili vikajifunza kwamba kutisha watu juu ya wahalifu kunalipa. Wanasiasa wa chama cha Dukakis nao, miaka iliyofuata, walishindana kuonekana wakali wa magereza, na vijana wengi weusi wakafungwa miaka mirefu. Barua ya mgonjwa haiwafikii hao. Kwa hiyo anayetaka kutubu afanye hivyo kabla ya siku ya kupiga kura, wakati toba yake bado ina faida kwa aliyemkosea.

Sheria tunazo kiasi. Takrima, ile iliyoruhusu mgombea kugawa pilau na kanga kwa jina la ukarimu, ilipigwa marufuku na Mahakama Kuu Aprili 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inawataka wagombea na vyama watoe hesabu za matumizi yao. Ni hatua njema. Lakini sheria inaukamata mfuko wa sukari, haiukamati mnong'ono. Mnong'ono utakamatwa na sisi.

Ndugu waandishi, ninyi naanza nanyi kwa kuwa redio ndiyo inayofika Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui, hata kwa asiye na simu ya maana. Mtu akikuletea habari ya kumchafua mwenzake pamoja na bahasha, usiseme kipindini kwamba kuna tetesi. Sema ni nani amekuletea, au usiseme kabisa. Hilo pekee litaua nusu ya fitina za mkoa huu.

Ninyi vijana mnaoitwa chawa: mnalipwa kusifu na kutukana, na najua ajira hakuna, sina moyo wa kuwadharau. Ninawaomba tu jambo lililo ndani ya uwezo wenu. Sifu kwa jina lako. Na ukipewa sauti ya kusambaza ambayo mwenyewe hataki ijulikane imetoka kwake, muulize kwa nini hataki. Akikosa jibu, ujue ametaka wewe ndiye uwe shahidi wa uongo, kisha yeye aende zake.

Akina mama wa vikoba, wazee wa baraza la kahawa, mkiletewa neno la asili ya mtu, la ugonjwa wake, la mama yake, ulizeni palepale, kwa sauti: nani amekuambia? Na yeye aliambiwa na nani? Msiridhike mpaka mpate mtu. Mara nyingi mnyororo utakatika katika hatua ya pili, na neno litabaki mikononi mwa aliyelileta.

Nimemaliza. Kipaza sauti kipelekwe kule nyuma kwa vijana wa bodaboda, wao waanze maswali kabla ya sisi wazee. Siku za mikutano ya kampeni ndio wanaojaziwa mafuta na kupewa maneno ya kwenda nayo mitaani. Ningependa tusikie kutoka kwao nani huwa anakuja, na huwaambia waseme nini.